Kijiko changu kimekuwa kibogoyo

Shikamoo Mzee wa Mitambo,

Naomba unisaidie kabla mvua hazijanikuta hapa nilipo.

Mimi na shemeji yangu tuna kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia udongo, cha tani 20 tulichokinunua kikiwa kimetumika. Mwaka jana tukakitafutia kichwa cha kusagia miti, kile mafundi wanachokiita malcha: dramu ya chuma yenye meno kuzunguka pande zote, inayoendeshwa kwa haidroliki. Kazi yetu ni kusafisha mashamba mapya. Upande wa Manyoni tulisaga vichaka bila shida. Jioni tunanoa yale meno, ambayo kwetu ni visu vya chuma, kwa grainda, asubuhi tunaendelea. Tukajiona tumefika.

Mwezi uliopita tukapata kazi ya ekari 80 huku Ikungi, mkoani Singida. Mteja anataka kulima alizeti, na alitamka wazi kwamba kila kisiki kisagwe hadi shibiri moja chini ya udongo, plau yake ya diski ipite bila kurukaruka. Bei tulipatana kwa ekari. Shamba tulilitazama tukiwa ndani ya gari, nyasi zikiwa ndefu.

Mzee, chini ya zile nyasi kuna mawe. Mengine yametoa migongo nje kama viboko mtoni, mengine yamefunikwa na udongo, huyaoni mpaka dramu iyaguse. Tunasaga mti wote mpaka usawa wa ardhi, halafu tunarudi kuchimbia kisiki chini, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Seti nzima ya visu iliisha kwa siku mbili na nusu. Shemeji akasema opereta hajui kazi, akamkata mshahara. Opereta anaapa kwamba hakukosea.

Tukampelekea fundi wa kuchomelea visu vitatu vilivyovunjika, akaviongezea chuma. Bolti mbili zilizopotea tulinunua nyingine duka la vifaa vya ujenzi. Kesho yake kipande kikaruka kikapiga mlango wa kebini, kioo kikapasuka. Opereta hakuumia, ila tangu siku hiyo amegoma kupanda.

Sasa muuzaji wa Dar es Salaam anatushauri tuhamie meno ya kabaidi. Jino moja bei yake ni karibu mara tatu ya kisu. Shemeji anasema hayo hayavunjiki, tukope tununue seti mbili kwa mpigo. Mimi nimesikia kwamba kabaidi ikigonga jiwe inapasuka kama chupa. Nani mkweli? Zimebaki ekari 55.

Ni mimi,
Kibogoyo wa Ikungi

Marahaba, mwanangu Kibogoyo.

Kabla ya meno tuzungumze juu ya hicho kipande kilichoruka, maana naona umekitaja katikati ya barua kama mtu anayetaja pancha. Chukua dramu yenye kipenyo cha sentimita 50 inayozunguka mara 2,000 kwa dakika. Piga hesabu: ncha ya jino inakwenda mita 52 kwa sekunde, karibu kilomita 190 kwa saa. Kipande cha chuma chenye uzito wa betri ya tochi kikitoka kwa mwendo huo hakichagui kioo wala kifua. Vitabu vya mashine za aina hii huagiza watu wakae mita 90 mbali au zaidi, na kioo cha mbele cha kebini kiwe cha polikaboneti nene, si kioo cha kawaida. Opereta wako aliyegoma ana akili. Msimpandishe mtu mpaka mlango ule utengenezwe.

Na chanzo chake mmekifanya wenyewe. Kisu cha malcha kimetengenezwa kwa chuma kilichopikwa na kupozwa kwa kipimo, ndiyo maana ni kigumu na wakati huohuo kinavumilia kugongwa. Fundi akikiwekea moto wa kuchomelea, ile sehemu iliyo kando ya mshono hubadilika: pengine inakuwa laini, pengine inakuwa kavu na ya kukatika kama biskuti. Zaidi ya hapo, chuma alichoongeza kimebadilisha uzito. Dramu ikiwa na jino zito upande mmoja inatetemeka, na mtetemeko huo mzigo wake unabebwa na beringi. Beringi za dramu ni ghali kuliko hivyo visu vyote vitatu. Jino la malcha likivunjika hutupwa, na linapowekwa jipya, lile linaloangaliana nalo upande wa pili libadilishwe pia kama limeshachakaa sana.

Hizo bolti za duka la vifaa vya ujenzi zitoeni leo. Angalia kichwa cha bolti, kuna namba za uimara zimechorwa. Za dukani nyingi ni 8.8, nyingine hazina namba kabisa. Meno ya malcha mara nyingi hufungwa kwa 10.9 au 12.9, kitabu cha kichwa chenu kitasema ni ipi, na kitataja pia nguvu ya kukazia. Tafuteni spana inayopima nguvu, hata ya kuazima. Bolti mpya kila unapoweka jino jipya, na baada ya saa moja ya kazi zima mashine, ukague tena zote. Jino lililolegea linagongagonga kikalio chake mpaka kinapasuka, na kikalio kimechomelewa kwenye dramu. Hapo unatengeneza dramu, si jino tena.

Sasa turudi kwenye swali lako. Wewe na shemeji wote mna ukweli nusunusu, na kila mmoja kashika nusu yake kwa nguvu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kabaidi hii si ile ya mawe ambayo wachomeleaji huitia maji wapate gesi. Hii ni kabaidi ya tungsteni, unga mgumu mno ulioshikamanishwa kwa kobalti, ukabandikwa kama kofia kwenye ncha ya jino la chuma. Kwenye kile kipimo cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 hadi 10, ambapo almasi ni 10, kabaidi hii inakaa karibu na 9. Kwatzi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wa dhahabu hulifuata chini kwa chini, ni 7. Kisu chako cha chuma, hata kiwe kimepikwa vizuri namna gani, kiko chini ya kwatzi. Graniti ya Singida imejaa kwatzi, na mchanga wa huko ni graniti hiyohiyo iliyosagika. Kwa hiyo kila kisu kinapoingia kwenye udongo wenu kinapigwa msasa hata kama hakijagusa jiwe moja. Manyoni mlikuwa mkisaga matawi hewani, ndiyo maana mlidhani mna visu vizuri.

Kuchakaa kwa msasa ni ugonjwa mmoja, na kabaidi ndiyo dawa yake. Kuvunjika kwa kugongwa ni ugonjwa mwingine. Kitu kigumu sana hakipindi, kikizidiwa kinameguka. Dramu ikipiga jiwe kubwa lililokaa imara ardhini, kisu cha chuma kitakunjika makali au kitatoka pengo, na kofia ya kabaidi inaweza kupasuka, kama ulivyosikia. Wenye viwanda wanajua, ndiyo maana wanatengeneza kabaidi za aina mbalimbali: ukiongeza kobalti na kuacha chembe kubwa, inapungua ugumu kidogo lakini inavumilia zaidi. Ncha butu na nene nayo inavumilia kuliko ile iliyochongoka. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "kabaidi" tu, bado hajakwambia kitu. Muulize ni ya kazi gani, na umwombe ile ya ardhi yenye mawe, ncha butu. Akishindwa kujibu, huyo anauza maboksi.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hulipita haraka: kisu hukata, jino la kabaidi hupondaponda. Kuponda kunataka nguvu zaidi. Kijiko chenu kikiwa na mtiririko mdogo wa haidroliki kwenye mkono, mtaona dramu inazimikazimika kwenye gogo ambalo visu vilikuwa vinalipita, dizeli inapanda, na takataka zinazotoka ni ndefu na zenye nyuzi. Kwa shamba la alizeti hilo la mwisho si neno, ila la dizeli lipigieni hesabu kabla ya kukopa.

Lakini, mwanangu, hata nikikupa kabaidi bora kuliko zote duniani, kwa mtindo mnaofanyia kazi utaniandikia tena baada ya wiki. Tatizo lenu kubwa ni mpangilio wa kazi. Mmeanza na mwisho.

Mnasaga mti mpaka usawa wa ardhi, kisha mnahangaika na kisiki. Mti ukiwa umesimama, lile shina ni mtaimbo wa bure. Kijiko cha tani 20 kikiusukuma juu, mita mbili au tatu kutoka chini, mizizi inang'oka kwa uzito wa mti wenyewe. Mmekwisha kuusaga mtaimbo huo, ndipo mnauliza kisiki kitatokaje! Malcha imebuniwa kwa vilivyo juu ya ardhi, na labda kuparura vidole viwili chini pale penye udongo safi. Kuisukuma shibiri nzima ndani ya ardhi ya graniti hakuna jino linalofaa kwa hilo. Zipo mashine za kusaga mawe zenye meno mazito ya namna yake, lakini nyingi ni za trekta kubwa na bei yake tusiitaje hapa.

Sasa ekari 55 zilizobaki zifanyeni hivi. Ondoeni malcha, rudisheni baketi, ile nyembamba yenye meno kama mnayo. Kama kijiko chenu kinafungwa kwa pini za kugonga kwa nyundo, kubadilisha kunakula muda, basi msibadilishe kila siku: fanyeni wiki ya kung'oa, halafu siku za kusaga. Opereta akate kwanza mizizi ya pembeni kwa baketi, pande mbili au tatu, kisha ausukume mti uanguke, aunyanyue na kuutikisa udongo udondoke. Mitundu na migunga ya huko ina mizizi mizito, na miti mingi ya miombo ukiiacha na kisiki huchipua upya kwa fujo. Mteja wenu hana kosa kutaka visiki vitoke. Kosa ni kuahidi kwamba vitasagwa.

Mti ukishalala chini, hapa ndipo wengi wanapojimaliza. Wanasaga wote, na mizizi yake. Usiguse shina la mizizi kwa malcha, si kwa kisu wala kabaidi. Mzizi wa ardhi ya mawe huwa umelikumbatia jiwe kwa miaka 40, huwezi kulitikisa likatoka. Sageni shina na matawi tu. Sehemu ya mizizi ikateni kwa msumeno wa mnyororo, mkiacha nafasi kubwa kati ya mnyororo na udongo, mzipange mstari mmoja kwenye mpaka wa shamba, zikauke. Mwenye shamba ataamua ni kuni au ni ukuta wa kuzuia maji.

Kwenye zile ekari 25 za mwanzo ambako visiki vimekwisha kukatwa usawa wa ardhi, hakuna njia ya mkato. Tafuteni ripa, ile ndoana nzito ya chuma ya jino moja, ya kufunga kwenye mkono wa kijiko, mchimbe kisiki kimoja kimoja. Palipo na mawe yaliyobanana msipeleke mashine. Wekeni vibarua wenye sururu na mtaimbo. Vijana wanne wanaojua kazi watakitoa kisiki kilichokaa katikati ya mawe mawili huku nyinyi bado mnatafuta bolti. Na kwa kuwa barua haikugusia kibali cha kukata miti hiyo, muulizeni mteja awaonyeshe kabla hamjaendelea.

Kabla ya yote hayo, fyekeni nyasi. Tumeni watu wawili na ndoo ya chokaa watembee mbele ya mashine, kila jiwe walionalo walipake. Ni kazi ya kibarua wa siku, nayo itaokoa meno kuliko kabaidi.

Nikuambie kitu kuhusu ardhi hiyo, maana hamkuwa wa kwanza. Mkoa jirani, pale Kongwa, mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga. Walikuwa na serikali nyuma yao. Walileta matingatinga yaliyobaki vitani, mpaka vifaru vya Sherman wakavigeuza kuwa matrekta, wakayaita Shervick. Walilenga ekari 150,000 kwa mwaka wa kwanza. Walizoweza kuzipanda ni kama 7,500. Mizizi ya vichaka ilivunja vifaa vyao, na udongo wenye kwatzi ukala majembe yao kama msasa. Januari 1951 mradi ukafungwa. Nao walikuwa wameitazama nchi kwa juu, kutoka kwenye ndege. Nyinyi angalau mlikuwa kwenye gari.

Kwa wasomaji wengine wanaotaka kununua meno, nawapa jaribio ambalo halina gharama: okota jiwe la shamba lako, ulikwaruze kwenye kipande cha chupa. Likichora kioo, hiyo ni kwatzi au jamaa zake, visu vyako vitakufa mapema. Lisipochora, lidondoshee ndimu au siki. Likitoa povu, ni jiwe la chokaa, kama matumbawe ya Tanga na Kilifi. Hilo kwenye kile kipimo ni 3 tu, na mtu mwenye visu na grainda anaweza kuishi nalo, mradi asilibamize. Mawe meusi ya volkano ya Arusha na Kajiado hayatoi povu na yanakwaruza kwa ubishi. Hayo yahesabuni upande wa graniti.

Haya, mnunue nini? Seti moja ya kabaidi butu, na meno matano au sita ya akiba, pamoja na bolti zake. Si seti mbili. Mkifuata huo mpangilio wa kung'oa kwanza, seti moja itawatosha kumaliza hapo na kuhamia kwingine. Hakikisheni vikalio vya dramu yenu vinapokea aina zote mbili. Vichwa vingi vinaruhusu, vingine havikubali, na meno ya uzito tofauti hayachanganywi ovyo kwenye dramu moja. Visu vilivyobaki vizima viwekeni kwa ajili ya vichaka vya Manyoni, huko bado ni wafalme. Mnapovinoa msivichome: makali yakigeuka rangi ya buluu, ugumu umekwisha hapo, utakuwa umenoa bati. Nendeni polepole, na kila kisu kipunguzwe sawa na wenzake. Kabaidi haina kunoa kwa jiwe la kawaida la grainda, na msiruhusu mtu aichomelee. Ile kofia mara nyingi imebandikwa kwa madini yanayoyeyuka kwenye nyuzi kama 700 tu, moto wa fundi unaidondosha.

Na opereta mumpe maelekezo haya: dramu ifikie mwendo wake wote kabla ya kugusa mti, aanze juu akishuka, apitishe mkono kwa upande akimega kidogokidogo, na akisikia mlio umeshuka anyanyue, asubiri mlio upande juu tena. Akishafika shibiri moja na nusu juu ya ardhi, aache. Cheche akiziona, asimame, ashuke, akague.

Kuhusu bei. Mkataba wa ekari kwenye ardhi ya mawe ni kamari, na mmeliwa. Nendeni kwa mteja na kile kisu kilichovunjika mkononi pamoja na jiwe moja la shambani kwake, mumwambie kazi ya kusaga ibaki kwa ekari, ila kung'oa visiki kuhesabiwe kwa saa, na meno yatakayoisha kwa mawe mgawane. Anaweza kukataa. Lakini huyo ni mtu anayetaka kulima kwa plau ya diski; akiliona hilo jiwe, ataanza kuifikiria plau yake mwenyewe. Mwambieni pia, kwa uungwana, kwamba zile sehemu zenye migongo ya viboko hazitalimika hata visiki vyote vikitoka. Azitenge. Mkikubaliana hivyo, huenda ekari 55 zikageuka 45, na mkamaliza kabla ya Desemba.

Shemeji yako ni mwenzako na pesa ni zake pia, sikufundishi namna ya kuzungumza naye. Msomee barua hii, au mwachie mezani. Lakini lile la opereta haliwezi kungoja: aliambiwa achimbe shibiri moja kwenye graniti kwa visu vya kukatia matawi, akafanya alivyoagizwa. Mrudishieni mshahara wake, na ile siku ya kioo mumlipe kamili.